Uji wa Nyumbani na Mkate wa Dukani

Neno letu la leo linatoka katika kitabu cha Nabii Isaya, sura ya 55, mstari wa pili. Chukua Biblia yako ulisome mwenyewe, pole pole. Hapo nabii anawauliza watu wa Mungu mbona wanapeleka jasho lao mahali wasipopata shibe. Najua kwamba alikuwa akisema habari za roho. Lakini alichagua mfano wa sokoni na jikoni, na mtu asiyeuelewa mfano hawezi kulielewa fundisho. Kwa hiyo leo nataka tukae kidogo na mfano wenyewe, yaani fedha, chakula na shibe, hapa kwetu Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurweini, na kwa ndugu zetu wa Nanyuki na Kerugoya pia.

Tazama jambo linalotendeka katika nyumba nyingi za Wakristo. Asubuhi na mapema mama anakamua ng'ombe. Maziwa yote yanakwenda kwa gari la ushirika. Mayai yanakwenda kwa mchuuzi. Maharagwe yakishapurwa yanatiwa guniani na kupelekwa soko la Karatina. Fedha zikipatikana, mtoto anatumwa dukani kuleta mkate mweupe, sukari na majani ya chai. Na kama kuna mgeni, chupa za soda. Jioni watoto wanakunywa turungi kwa mkate na kulala.

Mama huyu si mvivu wala si mpumbavu. Ana karo ya shule, ana deni la mbolea, ana mchango wa kanisa. Simlaumu kwa kuuza. Lakini tupige hesabu pamoja naye. Vitu vilivyotoka nyumbani mwake, maziwa, mayai na maharagwe, ni vyakula vya kujenga mwili. Vitu vilivyoingia ni wanga na utamu. Naye amelipa faida ya mchuuzi wakati wa kuuza, na faida ya mwenye duka wakati wa kununua. Mtoto ameshiba kwa saa mbili, na mwili wake haujapata cha kujijengea.

Jambo hili halikuanza jana. Katika miaka ya 1970, marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe hapa Nyeri mwaka wa 1940 na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Tetu, alikuwa akifanya kazi katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Huko akasikia habari za mtafiti aliyeona kwamba watoto wa Mkoa wa Kati walikuwa wakiugua kwa sababu ya chakula duni. Habari hiyo ilimshangaza, maana hii ndiyo nchi yake, nchi ya udongo mwekundu na mito isiyokauka. Utapiamlo utokee wapi?

Sababu ilikuwa hii. Mashamba yalikuwa yamejaa kahawa na chai. Miti ya kuni ilikuwa imekwisha. Akina mama hawakuwa na kuni za kuchemsha vyakula vya zamani ambavyo hukaa motoni saa nyingi, kwa hiyo waliwapa watoto mkate mweupe, unga wa mahindi uliokobolewa na mchele, vitu viivavyo upesi. Profesa alijibu kwa kupanda miti. Mwaka wa 1977 miti 7 ilipandwa katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na ndiyo mwanzo wa kazi iliyoitwa Green Belt Movement. Wengi wetu twaikumbuka miti, na Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2004. Wachache wakumbuka kwamba habari hiyo ilianzia kwenye sufuria ya githeri.

Basi na tuanze na sufuria hiyo. Githeri ni chakula cha hekima, ingawa watoto wa shule za bweni huicheka. Mahindi peke yake yana upungufu wa kitu fulani ambacho mwili wahitaji kwa kujijenga; maharagwe yanacho kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu mwingine, na mahindi yanaujaza. Ukila kimoja leo na kingine juma lijalo, husaidiki sana. Ukivila pamoja, vinakaribia kufanya kazi ya nyama. Kipimo kizuri ni gorogoro mbili za mahindi kwa gorogoro moja ya maharagwe, au ya njahi kwa mwenye nazo. (Njahi zilikuwa nyingi zaidi zamani. Wakati wa ukoloni wakulima walihimizwa kupanda maharagwe mengine yaliyotakiwa na biashara, na njahi hizi nyeusi zenye mstari mweupe zikarudi nyuma, zikabaki kuwa chakula cha mama aliyejifungua na cha siku za sherehe.)

Lakini kuni! Hapo ndipo mama wengi wanaposhindwa, na hapo ndipo penye uchumi mkubwa. Loweka mahindi na maharagwe tangu jioni, usiku kucha, kisha mwaga maji yale na utie mengine. Hilo tu lapunguza muda wa motoni sana. Wengine hutia magadi ili chakula kiwe laini haraka. Ni kweli kitakuwa laini, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo afadhali kuloweka.

Tena kuna kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa kuliko sufuria yako. Ndani yake tandaza kwa unene matambara, sufu au majani makavu ya migomba, chini na kando zote, ukiacha shimo la kukaa sufuria. Shona mto mnene wa kufunika juu. Githeri uliyoiloweka ichemshe kwa nguvu kadiri ya dakika 40, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kisha itoe ikiwa bado yatokota, itie kikapuni mara moja, funika kwa mto, na uende shambani. Baada ya saa nne au tano utaikuta yaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mahindi makavu sana yatataka kurudishwa motoni kidogo. Usifunue funue kutazama, maana kila ukifunua joto latoka. Tena usiruke ule mchemko wa kwanza: maharagwe, hasa yale mekundu, yana kitu kinachoumiza tumbo, nacho hakiondoki mpaka yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10. Chakula kikitoka kikapuni kikiwa vuguvugu tu, kichemshe tena kabla ya kula.

Sasa niseme jambo zito. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, kuanzia mstari wa 38, twasoma kwamba wakati wa njaa mtu mmoja alitoka kwenda kuchuma cha kutia chunguni, akarudi na matango ya porini asiyoyajua, akayakatakata ndani ya mchuzi wa wanafunzi wa manabii. Walipoonja wakalia kwamba mauti imo chunguni. Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitafuta kuokoa siku kwa kitu cha bure.

Nasi twaweza kutia mauti chunguni kwa nia njema ya kubana matumizi. Mahindi yaliyonyeshewa, yaliyoota ukungu wa kijani au wa kijivu, mama huona vibaya kuyatupa. Huyachambua kidogo, huyaosha, huyapika. Ndugu zangu, katika ukungu ule yaweza kuwamo sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004, katika nchi ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Yalikuwa mahindi ya shambani mwao wenyewe, yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kuosha hakuiondoi. Hata ng'ombe akila mahindi yale, sumu yaweza kuingia katika maziwa. Nabii Elisha alitia unga chunguni, na Mungu akaondoa madhara. Sisi hatukupewa ruhusa ya kumjaribu Bwana kwa mahindi yaliyooza. Chakula cha namna hiyo kitupwe, hata kama moyo wauma.

Njia ya kujilinda ni kukausha vema kabla ya kuweka. Yasianikwe juu ya udongo mtupu. Yatandazwe juu ya turubai au jamvi, na kuingizwa ndani mvua ikitishia. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi mpaka robo ya chupa. Tikisa vizuri, uache yatulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, waweza kuyatia ghalani. Chumvi hiyo ni ya kupimia tu, wala isirudi jikoni.

Juu ya mboga sitakaa sana, maana wengi wazijua kuliko mimi: terere, managu, majani ya malenge, na thabai ile iwashayo. Thabai huchumwa machipukizi yake machanga kwa kitambaa mkononi, na ikishachemka haiwashi tena. Ipondwe pamoja na viazi na mahindi katika mukimo. Mwaka wa 1931 ilitolewa ripoti ya wataalamu wawili, Orr na Gilks, waliopima afya ya Wakikuyu na Wamasai. Waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi kwa wingi kuliko wanaume, na majani hayo yaliwapa madini ya kujenga mifupa ambayo wanaume waliyakosa. Akina baba wanaosema mboga za kienyeji ni chakula cha wanawake na wazitafakari habari hizo.

Twende kwenye uji. Wazee wetu walikuwa na ucuru wa mukio: nafaka iliyolowekwa, ikasagwa juu ya jiwe pamoja na maji, ikachujwa, ikaachwa ichachuke, ndipo ikapikwa. Siku hizi unga wa posho mill watosha. Chukua unga wa wimbi, au wa wimbi na mahindi yasiyokobolewa. Uchanganye na maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka uwe mzito kama maziwa mgando. Tia katika chombo safi chenye nafasi juu, funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto. Wakati wa jua, siku moja au mbili zatosha. Wakati wa gathano, ukungu ukishuka mlimani mwezi wa saba, zitapita tatu, hata ukikiweka karibu na mafiga. Ukiwa tayari utasikia harufu kali iliyo safi, kama ya maziwa lala. Ukiona ukungu wa rangi juu yake, au ukisikia harufu ya kuoza, umwage. Ukiwa mzuri, weka akiba kikombe kimoja, nacho kitakuwa chachu ya mara ijayo.

Kisha chemsha maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, uache utokote pole pole kama dakika 15. Uchachu huo una kazi. Vijidudu vizuri hugeuza utamu wa nafaka kuwa asidi, na asidi hiyo huwazuia wengi wa vijidudu viletavyo magonjwa ya kuhara. Tena hulegeza kile kinachoshikilia madini ya chuma ndani ya nafaka, hata mwili ukaweza kuyapata. Nao uji mkali wenye ladha yake hauhitaji sukari nyingi. Mzoeze mtoto tangu udogo na hataidai.

Wapo Wakristo waaminifu wanaouliza: uji uliochachuka si pombe? Ni swali la haki, hasa kwa makanisa yetu ambayo tangu siku za wamisionari yamekataa pombe, na kwa wale waliofundishwa na Uamsho kuogopa hata harufu yake. Jibu ni kwamba kuna uchachu wa namna mbili. Muratina huchachushwa kwa hamira iliyo katika tunda la mti ule, na hamira hiyo hugeuza asali au maji ya miwa kuwa kileo. Uji wetu huchachushwa na vijidudu vya jamaa moja na vile vya maziwa lala, na kazi yao ni kutoa asidi. Hata kama hamira kidogo itaingia, twauchachusha siku chache tu, kisha twautia motoni. Atakayeuacha juma zima kwa makusudi na kuunywa bila kuupika, huyo anatafuta kitu kingine, na anakijua.

Akina mama wenye watoto wachanga wasikie hili. Mtoto asiyetimiza miezi 6 atosheke na maziwa ya mama, wala asipewe uji hata mwepesi. Akiisha kuvuka hapo, uji wake uwe mzito wa kushika kijiko, wenye maziwa ndani yake, au avokado iliyopondwa. Uji mwepesi kama maji humjaza tumbo na kumwacha na njaa. Na hapa narudi kwa yule mama wa gari la ushirika: uza maziwa, lakini kabla ya kufunga kopo, toa vikombe vya watoto kwanza. Tulifundishwa kumtolea Bwana limbuko; mtoto naye ni wa Bwana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo mzizi. Kuni zaweza kupatikana, kikapu chaweza kushonwa, lakini kuna aibu. Mchungaji akitembelea nyumba, hata nyumba yenye nduma zilizochemshwa na uji ndani ya kibuyu, mtoto hutoroshwa mlango wa nyuma kukimbilia duka akalete mkate na soda. Wakati mwingine soda hiyo ni ya mkopo. Soda moja ya mililita 300 kwa kawaida ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko sita au saba vya chai. Hatungethubutu kumtilia mgeni vijiko saba katika kikombe kimoja, lakini vikiwa ndani ya chupa twaviita heshima. Na wageni wengi siku hizi wana ugonjwa wa sukari, wanakunywa kwa adabu tu, ili mwenye nyumba asihuzunike.

Katika Injili ya Yohana, sura ya sita, mtoto yule alikuwa na mikate mitano ya shayiri. Kwa nini Yohana aliandika kwamba ilikuwa ya shayiri? Fungua kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya saba, mstari wa kwanza, utaona bei za soko la Samaria: shekeli moja yanunua kipimo kimoja cha unga mzuri, lakini vipimo viwili vya shayiri. Shayiri ilikuwa nusu ya bei, chakula cha watu wa chini. Bwana Yesu angeweza kumtuma Filipo mjini kununua mikate bora. Aliichukua ile ya shayiri, akashukuru, akawagawia watu elfu tano mbele ya macho ya wote. Halafu, katika mstari wa 12, akaagiza vipande vilivyosalia vikusanywe. Yeye aliyeweza kuufanya mkate kutokana na kidogo hakuwa tayari kuona kidogo kikitupwa.

Kwa hiyo aibu hii haitaondolewa na mama mmoja mmoja nyumbani kwake, maana jirani atamcheka. Itaondolewa mahali ilipopata nguvu, yaani katika meza ya kanisa. Akina mama wa Woman's Guild na wa Mothers' Union, ninyi ndio mnaopanga chai ya wazee, siku ya mavuno, mkutano wa vijana. Katika ruracio nyingi za Wakristo uji tayari una kiti cha heshima. Mbona usiwe nacho Jumapili? Mchungaji naye, akifika nyumbani mwa mtu, na aulize kwa sauti kama kuna uji au nduma. Maneno hayo machache yataokoa fedha ya karo kuliko mahubiri matatu juu ya uwekaji akiba.

Kwa kikundi kitakachotaka kujaribu, hesabu ni hii. Kwa watu 50, kila mtu kikombe kimoja kizuri, mtahitaji kilo 2 za unga na maji lita 18 kwa jumla. Mkikutana Jumapili, changanyeni unga siku ya Alhamisi jioni, au Jumatano kama ni gathano. Jumapili asubuhi sufuria moja kubwa, kuni chache zilizokauka vema, na mwiko mrefu. Anayetaka utamu awekewe asali au sukari pembeni, ajitilie mwenyewe. Watoto wasiozoea uchachu wapewe maji ya matunda damu au ya karakara, yaliyokamuliwa asubuhi ile ile katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Na kama uji utasalia, chombo safi kiwe tayari, ili mjane au mgonjwa ambaye hakuweza kufika apelekewe ungali moto.